Yah: Kuomba Undugu

Mama alisema tangu mwanzo kwamba barua ya posa iandikwe kwa mkono. Alisema akiwa anachambua mchicha, bila hata kuinua kichwa, na kama nyumba yetu ingekuwa na mazoea ya kumsikiliza Mama, kaka yangu Geofrey asingekonda vile, wala mimi nisingejikuta nimesimama mbele ya wazee wa Kibaigwa nikiitetea mashine. Lakini Baba alikuwa na kompyuta, na mtu mwenye kompyuta haambiliki.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa. Mitumba iliruhusiwa, vyama vingi viliruhusiwa, redio za watu binafsi ziliruhusiwa, na karani wa masjala kama Baba aliruhusiwa kuwa na kompyuta sebuleni kwake Area C, ilimradi aipate. Aliipata kwenye mnada, mradi mmoja wa wafadhili ulipofunga ofisi zake pale Dodoma na kunadi kila kitu mpaka mapazia. Wenzake walinunua friji. Yeye akarudi na kompyuta, printa, na mfuko wa nyaya ambazo mpaka leo hakuna anayejua nusu yake ni za nini.

Mama akaifumia kitambaa. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichokaa uchi: redio ilikuwa na kitambaa chake, makochi yana vyao, hata jagi la maji lilivaa. Kompyuta ilifumiwa cha rangi ya waridi chenye shanga pembeni, na kwa kuwa Mama hakuona sababu ya kukiondoa wakati mashine inafanya kazi, mashine ilikuwa inapata joto, inavuma, kisha inajizima. Baba akaita fundi. Fundi akafungua, akapuliza vumbi lililojaa ndani, akafunga, akasema ni "sofitiwea". Tulilipokea neno hilo kwa heshima. Tangu siku hiyo, kila kilichoharibika nyumbani bila kuonekana kwa macho kilikuwa sofitiwea, pamoja na kiuno cha Baba.

Saa ya kompyuta aliirekebisha mwenyewe. Aliikuta saa tatu asubuhi inaonyesha tisa, akasema ndiyo maana wafadhili walifunga ofisi, hawakujua hata saa. Neno la siri nalo alilichagua mwenyewe, kisha akatuambia kila mmoja kwa wakati wake, faraghani, akituonya tusiwaambie wenzetu. Sote tukalijua, na sote tukalitunza vizuri sana.

Kinga ya virusi ilikuwa imepitwa na wakati tangu enzi za wafadhili. Kila mashine ilipowashwa ilitoa kisanduku cha maneno, ikiomba iunganishwe na intaneti ijiongezee nguvu. Sisi hata simu ya mezani hatukuwa nayo, intaneti tungeitoa wapi. Baba alikuwa anakisoma kisanduku kile mpaka mwisho, kisha anakijibu kwa sauti: "Nimekusikia. Mwisho wa mwezi." Mwishowe alichukua disketi akaenda nayo kwenye duka la intaneti mjini, akaomba awekewe kinga mpya. Alikwenda kuleta dawa, akarudi na ugonjwa. Kirusi alichokibeba kwenye disketi ile kilianza kula mafaili, na la kwanza kuliwa lilikuwa rasimu ya barua ya posa.

Hapa nieleze habari ya posa yenyewe.

Geofrey alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mpole kupita kiasi, na alikuwa amempenda Loisi, mwalimu mwenzake. Nasema amempenda kwa kumstahi. Ukweli ni kwamba alikuwa hoi. Loisi alikuwa binti wa Kigogo kutoka Kibaigwa, mchangamfu, hana makuu, na sisi sote tulimtaka aje haraka kabla Geofrey hajafanya jambo la kumkimbiza. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee Petro alikuwa mfanyabiashara wa mahindi pale sokoni, na kwenye uchaguzi uliopita alikuwa amepata udiwani kwa kura chache mno. Aliyeshindwa alikuwa bado anazunguka vijiweni akisema kiti ni chake. Tangu hapo mzee alimshuku kila mgeni. Loisi alituambia waziwazi kwamba barua ya kwanza iliyoletwa kwa ajili yake, ya kijana mmoja mwenye malori, baba yake aliirudisha palepale kwa sababu alinusa kwamba kijana anatafuta zabuni za halmashauri.

"Na kwetu," alisema Loisi, "barua ikirudishwa, hairudi tena. Kwa hiyo andikeni vizuri."

Geofrey aliyasikia maneno hayo, na tangu siku hiyo akawa anaacha chakula sahanini.

Baba akaandika vizuri. Rasimu ya pili ilikuwa nzuri kuliko ile iliyoliwa, ila kwa kuwa alikuwa ameishi maisha yake yote masjala, hakujua kuanza barua bila kichwa cha habari. Katikati ya karatasi aliweka kwa herufi kubwa, na kupigia mstari: YAH: KUOMBA UNDUGU. Mama alimwuliza kama ataweka na kumbukumbu namba. Baba akafikiri kidogo, akasema hapana, hii inakwenda nje ya ofisi.

Chini ya hapo ndipo alipouweka moyo wake. Aliandika kwamba hakuja kutafuta mali wala cheo, amekuja kutafuta undugu tu. Aliandika kwamba watu kama sisi, tuliotoka Songea kwa sababu ya kazi, tukazalia Dodoma na kuzikia Dodoma, tunajua thamani ya ndugu kuliko mtu aliyezaliwa katikati yao. Niliposoma hapo nilimtazama Baba upya, nikaona haya kidogo kwa yote niliyowahi kusema kuhusu mfuko wake wa nyaya. Sote tuliisoma barua ile, tukairudia, mpaka tukaweza kuisema bila kuiangalia. Kwa hiyo, ilipofika saa ya kuipiga chapa, hakuna aliyeona haja ya kuisoma tena.

Ijumaa alasiri mshenga alikuja kuichukua. Mshenga wetu alikuwa Mzee Wambura, jirani, mtu mrefu kutoka Musoma aliyekuwa akifanya kazi ofisi za Bunge, upande wa itifaki. Alijua nani anakaa wapi, nani anatangulia mlangoni, na nani anaitwaje, na aliteseka sana mahali ambapo watu hawakujua. Alisimama nyuma ya kiti cha Baba, akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza kwenye kioo cha kompyuta, akaivua miwani.

"Ndugu Petro?" aliuliza.

"Ndugu Petro," alisema Baba.

"Fabian, huyu mtu ni diwani."

"Najua."

"Diwani ni Mheshimiwa. Hayo mambo ya ndugu yalikwisha na chama kimoja. Siku hizi ukimwita kiongozi ndugu, anajua umemdharau. Mimi siwezi kwenda Kibaigwa nimebeba dharau kwenye bahasha."

Baba alikuwa mtu wa enzi za ndugu. Kwenye majalada yake, kuanzia mfagizi hadi waziri, kila mtu aliandikwa Ndugu, na nafikiri alipenda hivyo. Lakini alimtazama Geofrey aliyesimama mlangoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, akakubali.

Mzee Petro alikuwa ameitwa ndugu sehemu tatu: kwenye anwani, kwenye salamu, na mwishoni kabisa. "Baba, nipishe nibadilishe," nilisema. "Ni sehemu tatu tu." Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta mjini, na cheti ninacho.

"Kubadilisha kwa mkono ni kazi ya taipureta, Yasinta," alisema Baba. "Kompyuta ina akili yake."

Na kwa sababu Mzee Wambura alikuwa anaangalia, akafungua kile kisanduku cha kutafuta neno na kulibadilisha, kitu alichokuwa amekigundua juzijuzi na ambacho kilimfurahisha kuliko mshahara. Juu akaandika ndugu. Chini akaandika Mheshimiwa. Nikamwambia abonyeze moja moja. Yeye akabonyeza kile cha kubadilisha zote kwa mkupuo. Mashine ikafikiri, kisha ikatoa taarifa kwamba imebadilisha sehemu kumi na saba.

"Umeona," Baba alimwambia Mzee Wambura. "Inafanya zaidi ya ulichoiomba."

Nilifungua mdomo niulize hizo nyingine zimetoka wapi, na hapohapo taa ya sebuleni ikafifia. Taa zikififia namna ile, kila mtu Area C anajua umeme uko njiani kuondoka. "Piga chapa," alisema Mzee Wambura, na nyumba nzima ikaingia kazini.

Printa yetu haikupenda kuharakishwa. Ukavu wa Dodoma ulikuwa unakausha wino kwenye katriji, kwa hiyo ilibidi kwanza mtu aichomoe katriji na kuikumbatia kwapani ipate joto. Kazi hiyo alipewa Geofrey, akaifanya kwa moyo wake wote, amefumba macho. Karatasi ya kwanza ikatoka nyeupe. Ya pili printa iliivuta pamoja na ncha ya kitambaa cha Mama, ikakwama, ikawasha taa nyekundu, na ushanga ukasikika ukisagika tumboni mwake. Mama alikuja na mkasi, akakata pembe ya kitambaa alichokifuma kwa mikono yake. Ya tatu ikatoka na maandishi, yamekolea juu na kupauka chini, na mstari wa mwisho ulikuwa haujakauka umeme ulipokatika.

Baba aliikunja palepale, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akapaka gundi na kuikandamiza kwa ngumi kama anavyofanya kazini.

"Baba," nilisema, "mbona ilisema kumi na saba?"

"Inahesabu na nafasi."

Hilo si kweli, wala halijawahi kuwa kweli, lakini bahasha ilikuwa imeshafungwa, na Mzee Wambura alikuwa ameshaitumbukiza kwenye mfuko wa ndani wa koti lake.

Kesho yake tulikwenda Kibaigwa kwa pikapu yake, yeye na mimi. Aliyepaswa kwenda naye ni shangazi yangu, lakini malaria ilikuwa imemlaza, nikapewa nafasi yake pamoja na kitenge chake na maonyo yake yote. Njiani Mzee Wambura alikuwa anafanya mazoezi ya salamu ya Kigogo. "Mbukwenyi," alisema, kwa sauti nzito ya kwao, kila tulipopita kijiji. Mimi nilikuwa nimepakata kuku na kuwaza ile kumi na saba.

Nyumba ya Mzee Petro ilikuwa nyuma ya soko, mahali ambapo malori ya mahindi yanageuzia. Tulipokelewa na mkewe, Mama Anyesi, nikamwamkia shikamoo, akanishika mkono hakuuachia mpaka sebuleni. Humo ndani niliona kitu ambacho sikukielewa mara moja. Upande mmoja kulikuwa na kiti kikubwa cha mbao chenye kitambaa cheupe, kimewekwa peke yake. Upande wa pili, ukutani, kulikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa wadogo zake Mzee Petro, wamebanana, magoti yanagusana. Katikati palikuwa na sakafu tupu ya kutosha watu kucheza ngoma. Mzee Petro alipoingia, wale wadogo zake wakasimama. Mkubwa wao, Joshua, akasema, "Mheshimiwa, wageni wako."

"Kaeni," alisema Mzee Petro. Hakukaa mpaka wao walipokaa, nao hawakukaa mpaka yeye alipokaa, kwa hiyo walichukua muda kidogo.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye macho ya kupima gunia kwa kuliangalia. Mzee Wambura akatoa Mbukwenyi yake, na wazee wakaitikia kwa wema kuliko ilivyostahili. Habari za safari zikaulizwa, habari za mvua, habari za Bunge. Hapo kwenye Bunge nikaona macho ya Mzee Petro yakisinyaa. Kisha Mzee Wambura akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaikabidhi bahasha kwa mikono miwili.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa barua kusomwa kwa sauti, ndugu wote wasikie. Mzee Petro akaifungua kwa kidole, akaisogeza mbali na macho, akaanza.

"Kwa Mheshimiwa Petro, Kibaigwa." Mzee Wambura akatabasamu, kazi yake ikionekana. "Yah: Kuomba Umheshimiwa."

Tabasamu likabaki usoni kwa Mzee Wambura, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Mzee Petro alitutazama juu ya karatasi, kisha akaendelea, polepole, neno kwa neno.

"Mheshimiwa Petro. Sisi Mheshimiwa zako tulio Dodoma tunakuja mbele yako na mbele ya Mheshimiwa zako wote kwa unyenyekevu. Kijana wetu Geofrey, ambaye ana Mheshimiwa sita, ameona ua nyumbani kwako." Mimi ni mmojawapo wa hao sita, na nilitamani sakafu ile tupu ipasuke. "Hatukuja kutafuta mali wala cheo. Tumekuja kutafuta umheshimiwa tu." Akapita na ile mistari ya watu wa mbali, akafika mwisho. "Tunaomba tuishi kimheshimiwa, tusaidiane kimheshimiwa, na mmoja wetu akifa, azikwe na Mheshimiwa."

Jikoni sufuria ilianguka. Nilijua ni Loisi.

Mzee Petro aliishusha karatasi magotini. "Mzee," alimwambia Mzee Wambura, kwa adabu iliyotisha, "wewe umesema unatoka Bungeni."

"Ofisini tu, Mheshimiwa. Itifaki."

"Na barua inasema mmekuja kutafuta umheshimiwa. Imeandikwa hata kwenye kichwa cha habari, kwa herufi kubwa, na mstari mmepiga." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Huyo kijana mwalimu anagombea lini?"

"Nilikwambia, Mheshimiwa," alisema Joshua kutoka kwenye benchi. "Safari hii wanapitia mlango wa uani."

Mzee Wambura, mtu aliyewahi kupanga viti vya mabalozi, akawa anafungua na kufunga kifungo cha koti. Na Mzee Petro akaanza kuikunja barua, kwa mikunjo ileile ya Baba, akaielekeza kwenye mdomo wa bahasha. Nilimwona Geofrey machoni mwangu, na ile katriji kwapani.

"Baba," nilimwambia Mzee Petro, "naomba usiirudishe ndani."

Si kawaida binti kuinuka kwenye kikao kama kile. Nilikuwa nimeshainuka.

"Baba yangu aliandika ndugu," nilisema. "Kila mahali aliandika ndugu. Jana tukaambiwa wewe ni diwani, hufai kuitwa ndugu. Akaiambia kompyuta itoe ndugu iweke Mheshimiwa kwenye jina lako. Ikatoa ndugu zote."

"Mashine imeandika yenyewe," alisema Mzee Petro, kwa sauti ya mtu aliyesikia visingizio vingi sokoni.

"Mashine haijui maana, baba. Ni kama kibarua mgeni hapo sokoni. Unamwambia apakie kila chenye alama nyekundu, anapakia magunia, halafu anampakia na mama wa watu kwa sababu amevaa kanga nyekundu."

Mzee mmoja pale kwenye benchi akacheka kabla hajajizuia. Mzee Petro hakucheka, lakini mkono uliokuwa unaikunja barua ulisimama.

"Isome tena," nilisema. "Nakuomba. Kila penye Mheshimiwa, wewe sema ndugu."

Alinitazama kwa muda. Kisha akaikunjua.

"Ndugu Petro," alianza, akasita, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo hakuitegemea. "Sisi ndugu zako tulio Dodoma tunakuja mbele yako na mbele ya ndugu zako wote kwa unyenyekevu. Kijana wetu Geofrey, ambaye ana ndugu sita, ameona ua nyumbani kwako. Hatukuja kutafuta mali wala cheo. Tumekuja kutafuta undugu tu." Sauti yake ilikuwa inashuka. "Sisi ni watu tuliotoka mbali. Tumezalia hapa na kuzikia hapa. Mtu wa mbali anajua thamani ya ndugu kuliko aliyezaliwa katikati yao. Tunaomba tuishi kindugu, tusaidiane kindugu, na mmoja wetu akifa, azikwe na ndugu."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, na watu wanalielekeza kwa kelele. Mzee Petro alikuwa anaiangalia karatasi, lakini hakuwa anasoma tena.

"Neno hili," alisema, "sijalisikia humu ndani tangu uchaguzi. Huyu Joshua tulilala kitanda kimoja utotoni, sasa ananiamkia kwa Mheshimiwa. Mke wangu, wakija watu, Mheshimiwa. Nikienda kilabuni, wananipa kiti changu peke yangu, wanahamia kingine. Leo ndiyo mara ya kwanza naitwa ndugu, na nimejiita mwenyewe."

Joshua aliangalia miguu yake. Mama Anyesi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Na mimi, nisiyelia ovyo, nilianza kuwa na shida na pua.

"Binti, una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Akaiweka barua juu ya goti, akaanza kukata. Alikata Mheshimiwa, juu yake akaandika ndugu, herufi moja moja, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Penye uMheshimiwa aliuacha ule u umesimama peke yake akauunganishia ndugu pembeni. Alichukua muda, na sisi tulimsubiri. Alipofika mwisho wa karatasi akarudi juu kabisa, na hapo Mzee Wambura akakohoa. Alikuwa amevumilia mengi, lakini mtu ni kazi yake.

"Samahani, Mheshimiwa. Hilo la kwenye anwani, na la kwenye salamu, na lile la mwisho, yenyewe yako sahihi. Hayo ndiyo tuliyoyakusudia."

Mzee Petro aliyaangalia hayo matatu kwa makini.

"Haya ndiyo mabaya kuliko yote," alisema, akayakata.

Kisha akasimama, akashika kile kiti kikubwa kwa mikono yake, akakiburuta sakafuni kwa kishindo mpaka kikagota kwenye benchi. Joshua akasogea ampishe, kisha akaona hakuna haja, akarudi alipokuwa. "Kaka," alisema, "kanyaga taratibu, huo ni mguu wangu." Mama Anyesi akaleta maji ya kunawa. Tulikula ugali kwa mlenda na kuku wa pale, wa kwetu akapelekwa uani kuanza maisha mapya, na Mzee Wambura alikula kwa mkono bila kuuliza nani anatangulia.

Wakati wa kuondoka, Mzee Petro aliandika maneno chini ya barua ileile, akaitia kwenye bahasha ileile, akasema majibu yafunguliwe na aliyeituma. Loisi alitusindikiza hadi kwenye pikapu. Alinibana mkono kwa nguvu. Tulipokaribia Nzuguni, mlangoni mwa Dodoma, Mzee Wambura alisema, bila kunitazama, "Kumi na saba," akatikisa kichwa.

Nyumbani walikuwa wote kibarazani. Geofrey alikuwa amevaa shati la kwendea kanisani, sijui kwa ajili ya nani. Nilimweleza Baba yote, tangu kichwa cha habari hadi kiti, na yeye alisikiliza huku masikio yanamwiva. Akafungua bahasha kwa rula. Aliitazama karatasi ile iliyokatwakatwa yote kwa kalamu, na nilidhani ataguswa.

"Ameichafua," alisema. "Nitaipiga upya. Kuna amri ya kurudisha maneno ya mwanzo, unabonyeza mara moja tu."

Mama alimpokonya ile karatasi kabla hajafika kwenye kompyuta. Akaisoma mpaka chini, pale maandishi ya printa yalipokuwa yamepauka na mwandiko wa Mzee Petro umekolea, kisha akamkabidhi Geofrey. Nilisoma naye, kwenye bega lake.

Undugu mmepewa. Umheshimiwa subirini uchaguzi.

Geofrey aliisoma, akairudia, mtu mpole yule, akageuka kumwuliza Mama kama hiyo maana yake ni ndiyo.

"Ni ndiyo," alisema Mama. "Ingia ndani ukale."